Soko na Shule: Nani Anabeba Mzigo wa Masomo Katika Miji Yetu?



Katika mikutano yetu ya miezi hii kuko neno moja linalorudi kila mara. Wazazi wanauliza: namna gani mji uko na nguvu ya kupanga soko, kufungua parkingi ya magari na kugawa viwanja vya maduka, lakini ukiomba mabati ya darasa moja unaambiwa sanduku ni tupu? Wengine wameona kipande cha kiwanja cha shule kikikatwa na kugeuka safu ya vyumba vya kukodisha. Upande huu wa ukuta watoto wanasoma, upande ule muziki ya duka inapiga tangu asubuhi. Watu wako na hasira, na hasira hiyo iko na haki yake. Lakini hasira isiyojua jambo lilitokea wapi haifiki mbali. Kwa hiyo safari hii tumeona vizuri kuandika historia kidogo: nani alikuwa anabeba shule katika nchi yetu, na nani hakuwahi kuibeba.

Tuanze mbali. Mwaka 1906 serikali ya mfalme Léopold II ilifanya mapatano na Vatikani. Misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, na zenyewe zikakubali kufungua shule. Tangu siku ile, shule katika Kongo ilikuwa kazi ya misioni. Serikali ya Wabeleji ilitoa msaada wa pesa kwa shule za Wakatoliki, na za Waprotestanti zilingoja mpaka baada ya Vita ya Pili ya Dunia kupata msaada kama ule. Shule za serikali zenyewe, zisizo za dini, zilianza kupatikana kwa Wakongomani mwaka 1954 tu, wakati Auguste Buisseret alikuwa waziri wa makoloni. Wazee wetu wengi walijua kusoma kwa sababu ya padri au mchungaji. Hakuna aliyesema: "Nilisomeshwa na mji." Na masomo yenyewe yalikuwa na kikomo: wakati wa uhuru mwaka 1960, Wakongomani waliomaliza universite hawakufika ishirini.

Na mji je? Mji wa wakati wa Wabeleji ulijengwa kwa sababu ya biashara, ofisi na migodi. Sheria ya Machi 1957 ndiyo iliyoleta komini na mabaraza yake kwa kura. Desemba 1957 watu walipiga kura Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Mwaka 1958 ikafuata Bukavu na miji mingine mikubwa. Walipiga wanaume tu. Hata hivyo lilikuwa jambo kubwa: mara ya kwanza Mkongomani alimchagua mtu wa kukaa mezani na kuuliza pesa ya komini inaenda wapi. Joseph Kasa-Vubu mwenyewe alianzia hapo, kama bugumestri wa komini ya Dendale, kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Jamhuri.

Lakini ile meza haikukaa muda mrefu. Baada ya uhuru zilikuja vita na fujo, halafu Mobutu. Wakati wake mabaraza yalikuwako, lakini chini ya chama kimoja, MPR, na mkubwa wa mji alitazama juu, hakutazama wakaaji. Mwaka 1974 serikali ilinyanganya makanisa shule zote. Mwaka 1977 ikayarudishia kazi ya kuziongoza, kwa mkataba tunaoujua mpaka leo: ndiyo sababu tunasema "shule konvensione". Kanisa linaongoza, serikali inalipa walimu. Tazameni vizuri: katika mkataba huo kuko kanisa na kuko serikali ya Kinshasa. Mji hauko.

Halafu serikali yenyewe ikaacha kulipa. Katika miaka ya 1980 ilibana matumizi kwa masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, na shule ziliumia kati ya za kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa hauwezi kununua hata gunia la muhogo. Walimu waligoma, shule zikafungwa miezi na miezi. Kusudi watoto wasipoteze kila kitu, wazazi walikubali kuwatolea walimu kitu kidogo. Walikiita "prime". Ilikuwa dawa ya siku chache, ikageuka chakula cha kila siku. Ile prime ililisha mwalimu, na sehemu yake ilipanda ngazi mpaka kwenye maofisi. Kwa karibu miaka thelathini mzazi alikuwa wizara ya elimu. Mtoto asiye na prime alirudishwa nyumbani, na pesa ikiwa haitoshi watoto wawili, mara nyingi alitangulia kijana na msichana akabaki na jembe.

Katikati ya miaka hiyo sisi tulikimbia. Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilitupeleka ng'ambo ya ziwa, Kigoma, na kutoka pale katika kambi: Nyarugusu, Lugufu na nyingine. Maisha ya kambi hatuyasifu. Lakini neno moja lazima tuliseme. Kule watoto wetu walisoma programu ya Kongo, na walimu wakimbizi wenzetu, wanaopata kaposho kadogo tu. Darasa lilikuwa la udongo, wanafunzi wengi kupita kiasi. Lakini tulizoea kwamba shule ni jambo la kambi nzima, linazungumzwa katika kila mkutano pamoja na maji na posho.

Kuanzia Oktoba 2005 meli za HCR zilianza kutuvusha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Tulishuka na magunia, sufuria na bulteni za watoto. Tulikuta shule bila paa, na mahali pengine bila kuta. Nani alijenga? Mashirika yalijenga, HCR na UNICEF wakasaidia, makanisa yakajenga, sisi wenyewe tukabeba mchanga na mawe kutoka ziwani. Tunashukuru kila mkono uliotusaidia, na tutaendelea kushukuru. Lakini wakati ule ule miji yetu ilikuwa inakua. Watu wanarudi, biashara inarudi, pirogi za motere zinajaa ndagala na mikebuka, vitenge vinatoka Bujumbura na Kigoma. Soko likaamka. Na mji ukajifunza somo moja: soko linaleta pesa, shule inajengwa na wengine.

Hapa ndipo tunafika kwenye sheria, na tunaomba kila mwanachama ashike maneno haya. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Halafu sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na shefferie inaorodhesha kazi za kila baraza. Katika orodha ile ya mji na ya komini kuko masoko, kuko barabara, kuko parkingi. Na kuko pia kujenga, kutengeneza na kuwekea vyombo majengo ya shule zilizo chini yake. Soko na shule zimeandikwa katika orodha moja. Anayekuambia kwamba shule si kazi ya mji, mwambie asome mpaka mwisho wa orodha.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini soko linapata na shule inakosa? Sisi tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni tiketi. Kila asubuhi mtu wa kodi anapita sokoni na kitabu chake. Mama anayeuzisha ndagala anatoa franga yake, anapewa kakaratasi. Jioni kuko pesa mkononi. Ofisi inayoishi kwa pesa ya kila jioni itatafuta meza nyingine ya soko, duka lingine, kiwanja kingine cha kukodisha. Darasa halina tiketi. Faida yake inaonekana baada ya miaka kumi na tano, na mkubwa wa leo atakuwa amehamishwa zamani.

Ya pili ni pesa ya juu isiyofika. Katiba inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Sheria ya 2008 inasema 40% ya fungu lile ishuke mpaka kwenye miji, komini, sekta na shefferie. Fanyeni hesabu: kwa kila franga 100, 16 zilipaswa kufika huku chini. Inayofika ni ndogo sana kuliko hiyo, na inachelewa. Hapo tuwe wa kweli: mkubwa wa mji anayesema "Kinshasa hainipi kitu" hasemi uongo wote. Anaminya soko kwa sababu soko ndilo liko karibu na mkono wake.

Ya tatu ni meza tuliyoitaja. Tangu katiba ya 2006, komini zimeongozwa na watu walioteuliwa kutoka juu. Kura ya washauri wa komini ilipigwa Desemba 2023, ya kwanza tangu katiba hiyo, na hata hapo ni katika sehemu ya komini za mijini tu. Miji mingi midogo inangoja bado. Wafanyabiashara wakubwa hawahitaji baraza: wako na namba ya simu ya mkubwa, wanaweza kwenda kumwona. Mzazi ndiye anayehitaji baraza. Pale ambapo baraza halipo, sauti ya soko inasikika na sauti ya shule inabaki mlangoni.

Wengine watauliza: na ile shule ya bure ya 2019 je? Ni kweli, mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kuondoa pesa ya wazazi katika shule za msingi, na watoto wengi walirudi darasani. Tulifurahi, na wasichana walifaidika. Lakini kutoa pesa ya mlangoni hakujengi darasa. Watoto waliongezeka, kuta zilibaki zile zile, na walimu wengi bado wanafundisha bila kuandikwa kwenye orodha ya mshahara. Sekondari inalipisha mpaka leo. Kazi ya majengo, ambayo sheria imeiweka pia mikononi mwa mji, sasa iko ya haraka kuliko zamani.

Sisi hatupigani na soko. Tungeanzia wapi? Wengi kati ya wanachama wetu ni mama wa soko. Akiba ya chama hiki inatoka katika ndagala, katika mafuta ya mawese, katika sabuni na chumvi. Tunataka soko lenye paa na choo. Lakini ile franga ya tiketi ni ya mama yule yule ambaye jioni anahesabu minervali ya mtoto wa sekondari. Analipa mara mbili: asubuhi kwa mji, jioni kwa shule. Haki yake ni kuona kwamba franga ya asubuhi inasaidia kidogo ile ya jioni.

Kwenu wafadhili tunataka kusema kwa heshima na kwa uwazi. Madarasa mliyotusaidia kujenga yanasimama, na watoto wako ndani. Lakini kila darasa lililojengwa bila mji kutoa hata kokoto moja limeufundisha mji kwamba utakuja mwingine. Hatusemi muache. Tunasema: tujenge kwa namna ambayo mji utajifunza kutoa. Mkitoa mabati, tuulize kwa maandishi mji unatoa nini, hata kama ni hati ya kiwanja tu.

Na hati ya kiwanja si kitu kidogo. Shule nyingi za kwetu hazina karatasi, na kiwanja kisicho na karatasi ndicho kinachokatwa kwa maduka. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu unaokuja. Moja, kila komite ya wazazi yenye mwanachama wetu ianze mwaka huu kufuata hati ya kiwanja cha shule yake, na chama kisaidie gharama za kupima. Mbili, tuombe kwa barua bajeti ya komini, tuisome mbele ya watu, tuone mstari wa shule uko na franga ngapi na mstari wa soko ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pesa ya tiketi ni mali yetu. Tatu, mama wa soko na walimu wasiende tena kwa mkubwa kila mmoja kivyake. Waende pamoja, na ombi moja: fungu la pesa ya soko, hata dogo, liandikwe kwa majengo ya shule, na lionekane.

Misioni ilibeba, serikali ikabeba kidogo ikaangusha, wazazi wakabeba, mashirika yakabeba. Safari hii ni zamu ya mji nao kushika upande wake. Leteni maoni yenu kwa karani wa chama kabla ya mkutano, na mama wanaouzisha soko waanze kuweka tiketi zao, wasizitupe. Tutazihitaji siku ya kufanya hesabu.