Malezi ya Bibi Hayakuwa ya Bure

Katika mashauri ya familia yanayofikishwa kwa wachungaji, kuna moja linalozidi kuongezeka. Binti anasema: "Mama yupo nyumbani, nguvu anazo, kwa nini nimlipe yaya?" Mama naye anasema: "Niliwalea ninyi sita. Sasa nalea wa kwenu. Nitapumzika lini?" Na kaka aliye mbali, Mwanza au Mbeya, ana swali lake: "Mbona watoto wa mdogo wangu wanashinda kwa mama kila siku, na wangu wanamjua kwa picha?"

Kila mmoja wao ana neno la haki mdomoni. Mara nyingi tunawajibu kwa kusema kwamba zamani bibi alilea wajukuu bila kudai chochote, na kwamba ndiyo mila yetu. Jibu hilo linatuliza kikao, lakini si kweli. Tukiitazama historia yetu tutaona kwamba malezi ya bibi hayakuwa ya bure. Yalilipwa kwa ardhi, kwa kazi, kwa chakula na kwa heshima, si kwa noti. Kilichotokea katika miaka zaidi ya 100 iliyopita ni kwamba kazi ilibaki, malipo yakapotea njiani.

Mpangilio wa kihamba

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, walikuta watu ambao maisha yao yalijengwa juu ya kihamba, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, linalorithiwa katika ukoo. Kwa desturi, baba alimpatia mwana mkubwa kihamba chake alipooa. Mwana wa mwisho alibaki na wazazi na kuirithi nyumba yao. Kwa hiyo, kukaa karibu na wazazi hakukuwa bahati ya mtu mmoja wala mzigo wa mtu mmoja. Aliyebaki alipata nyumba na migomba, na pamoja na hivyo alipokea uzee wa wazazi: kuwalisha, kuwauguza na kuwazika. Ndugu zake walijua amepata nini, na walijua anadaiwa nini.

Malezi ya wajukuu yalikuwa ndani ya mpangilio huo. Mwanamke alipojifungua alikaa ndani kama miezi mitatu, akilishwa mtori, nyama na maziwa, na mama mkwe ndiye aliyesimamia nyumba. Mume na ukoo wake walipaswa kuleta nyama hiyo na maziwa hayo. Otto Raum, mtoto wa mmisionari, aliyeandika kitabu juu ya utoto wa Wachagga kilichotoka mwaka 1940, anaeleza jinsi mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa alivyoweza kupelekwa kuishi kwa babu na bibi. Lakini mtoto yule hakwenda kukaa tu. Alipokua kidogo alichota maji, aliokota kuni, alikata majani ya ng'ombe aliyefungwa zizini na kutumwa kwa majirani. Bibi alimpa mjukuu uji na hadithi, mjukuu akampa bibi miguu na macho.

Tusiusifu mpangilio ule kupita kiasi. Binti hakurithi kihamba, ingawa jasho lake lilikuwa ndani yake. Mke wa mwana wa mwisho alibeba kazi nyingi ambazo sifa zake zilimwendea mumewe. Bibi asiye na mwana wa kiume angeweza kuzeeka katika wasiwasi. Palikuwa na dhuluma. Hata hivyo, hakuna aliyedhani kwamba mkono unaolea unaweza kutoa siku zote bila kupokea.

Fedha ilipoingia

Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na kodi ilitaka fedha. Mkonge ulikuwa umeletwa Tanga mwaka 1893, na mashamba yake yaliendelea kuhitaji watu kwa miongo mingi iliyofuata. Katika mikoa mingi wanaume waliondoka kwenda kuwa manamba, na nyuma yao walibaki wake, watoto na wazee. Kilimanjaro kahawa iliwawezesha wengi kupata fedha bila kuhama. Chama cha wakulima kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Fedha ya kahawa ilijenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Lakini fedha hiyo kwa kawaida ilipita mkononi mwa baba. Malezi yalibaki mkononi mwa mama, naye hakuwa na kitabu cha mauzo.

Kisha ardhi ikapungua. Kihamba kilichogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, kilifika mahali ambapo hakigawanyiki tena. Waliosoma wakaenda Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam. Ajira ikawachukua wanawake pamoja na wanaume, jambo ambalo tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Hesabu hiyo inakaribia ile miezi mitatu ya zamani. Tofauti ni kwamba zamani miezi mitatu ilipokwisha, mama alitoka ndani akaenda shambani au sokoni, na nyumba ya mkwe ilikuwa hatua chache. Sasa siku ya 85 anapanda daladala kwenda ofisini, na mkwe yuko safari ya kutwa nzima kwa basi.

Ndipo bibi anapoitwa mjini. Tunasema, "Mama amekuja kutusaidia," na kweli amekuja. Lakini ni wachache wanaohesabu alichoacha. Ameacha ng'ombe kwa jirani. Ameacha migomba ambayo bila samadi na kupunguziwa machipukizi inadhoofika. Ameacha kikundi chake cha kuweka na kukopa, kwaya yake na kiti chake kanisani. Pengine ameacha mume anayejipikia akiwa na miaka zaidi ya 70. Huko mjini anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, katika nyumba ambayo funguo si zake.

Serikali, ilipopanga kima cha chini cha mshahara mwaka 2013, iliwataja wafanyakazi wa majumbani, na kiwango cha chini kabisa kwao kikawa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa ushuhuda kwamba kulea mtoto wa mtu ni kazi. Sisi tukamkuta yaya akidai 40,000 zake, tukasema, "Afadhali tumwite mama." Hapo hatukuwa tumeokoa gharama. Tuliihamishia kwa mtu asiyeweza kutudai.

Kagera: bibi asiye na wa kumrudishia

Kama kuna mahali ambapo taifa hili lililazimika kuona thamani ya malezi ya bibi, ni Kagera. Mkoa huo ulikuwa ndiyo kwanza unatoka katika vita vya 1978 na 1979 wakati wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa huko mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata ugonjwa uliwachukua zaidi watu wa umri wa kuzaa na kufanya kazi. Walioondoka ndio waliokuwa wakipalilia kibanja, wakilipa ada na kuleta sukari mwisho wa mwezi. Waliobaki walikuwa wazee na wajukuu.

Bibi wa Kagera hakuulizwa kama anataka kulea. Alizika, akarudi nyumbani, akakuta watoto wanne wamekaa kibarazani. Na mtu ambaye angemrudishia fadhila ile, yaani mwanawe, ndiye aliyetoka kumzika.

Mwaka 2003, mwaka uleule ambao Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa, mradi uitwao Kwa Wazee ulianza Nshamba, wilayani Muleba. Ulifanya jambo rahisi: uliwapa wazee maskini, wengi wao bibi wanaolea yatima, pensheni ndogo ya kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya wajukuu. Haukuwaletea semina juu ya namna ya kulea. Hilo walilijua. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba jina la vitu vitatu ambavyo fedha hiyo ilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ilionyesha kwamba katika nyumba zilizopata pensheni, wazee na wajukuu walikula vizuri zaidi na hofu ya kesho ilipungua. Miaka kadhaa baadaye, Aprili 2016, Zanzibar ilianza Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea, awe aliwahi kuajiriwa au la.

Fedha hizo hazikugeuza upendo wa bibi kuwa biashara. Aliyepokea pensheni hakuacha kumbeba mjukuu kwa sababu sasa analipwa. Alimbeba akiwa ameshiba.

Neno linasemaje

Kitabu cha Ruthu kinamalizika na picha tunayoipenda: Naomi anamchukua Obedi, anamweka kifuani, anakuwa mlezi wake (Ruthu 4:16). Mara nyingi tunaishia hapo. Lakini tuurudie mstari uliotangulia. Wanawake wa Bethlehemu wanamwambia Naomi kwamba mtoto huyo atamtunza katika uzee wake. Malezi na matunzo ya uzeeni yamefungwa katika fungu moja. Turudi nyuma zaidi. Kabla Naomi hajampakata mjukuu, Ruthu alikuwa ameokota masazo shambani tangu asubuhi, akampelekea mkwewe shayiri na chakula alichobakiza baada ya kushiba (Ruthu 2:17-18). Chakula cha Naomi kilifika kabla ya mtoto.

Loisi, bibi yake Timotheo, anatajwa na Paulo kwa imani yake (2 Timotheo 1:5). Tunamtaja sana katika mahubiri ya siku ya akina mama. Lakini katika waraka wa kwanza kwa Timotheo huyohuyo, Paulo anaagiza kwamba watoto na wajukuu wa wajane wajifunze kwanza kuitenda dini yao nyumbani kwa kuwarudishia wazazi wao (1 Timotheo 5:4). Anatumia lugha ya kurudisha, si ya kutoa sadaka. Anayerudisha anakiri kwamba alipokea kwanza. Na Bwana Yesu aliwakemea wale waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiwape wazazi wao (Marko 7:9-13). Sisi Walutheri tunaifundisha Amri ya Nne kwa vipaimara, kana kwamba ni amri ya watoto wa miaka 14. Katika kisa kile Yesu anawaambia watu wazima.

Martin Luther, akiandika juu ya ndoa mwaka 1522, alisema kwamba baba anayefua nepi za mtoto kwa imani anaweza kuchekwa na watu, lakini Mungu na malaika zake wanatabasamu. Kwake kazi ya kulea ilikuwa wito mtakatifu. Basi, kazi iliyo wito mbele za Mungu isidharauliwe mezani petu kwa maneno kama "mama hana kazi, yupo tu."

Haki kwa aliye karibu na aliye mbali

Turudi kwa wale watatu. Kwa binti, historia inasema: usianze na "kwa nini nimlipe," anza na "mama, unaweza?" Na umpe nafasi ya kusema hapana bila kununiwa. Akikubali, mkae chini mseme ni kwa muda gani, atapumzika siku gani, nani atalisha ng'ombe wake, na atakuwa na fedha gani mkononi ambayo hatailezea kwa mtu. Mlipieni bima ya afya kabla hajaugua. Hiyo si kumfanya mama kuwa mwajiriwa. Ni kumrudishia, kama Paulo alivyoagiza.

Kwa kaka aliye mbali: kweli wajukuu wa karibu wanapata zaidi mikono ya bibi. Lakini uliza pia ni nani anayempeleka kliniki, na ni nani anayeamka usiku presha inapopanda. Aliye karibu anapokea zaidi na anabeba zaidi. Wazee wa kihamba walilijua hilo na walilisema mbele ya ndugu wote, ndiyo maana halikugeuka kuwa kinyongo. Wewe uliye mbali huwezi kuamka usiku, lakini unaweza kubeba gharama bila kusubiri Desemba. Na watoto wako wakienda likizo kwa bibi, waende na mikono ya kufanya kazi, si simu peke yake.

Kwa mama anayeuliza atapumzika lini: Mungu aliyeamuru Sabato hakumwondoa bibi katika amri hiyo. Kuchoka kwako si kukosa upendo.

Na sisi tulio usharika tuna sehemu yetu. Tunapombatiza mtoto tunawauliza wazazi na wasimamizi kama watamlea katika imani. Nyuma yao, mara nyingi katika kiti cha tatu au cha nne, ameketi mwanamke mwenye kitenge ambaye ndiye atakayemlea kweli. Wazee wa kanisa wajue jina lake. Jumuiya ipange siku ya kumshikia mtoto ili aende kwenye kikundi chake. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Nyumba ya Mkristo isiwe mahali pa kuuthibitisha msemo huo.