Dawa ya Uhai katika Michezo ya Video

Dawa ya uhai ni kimiminika cha kubuni ambacho mhusika wa mchezo wa video wa njozi, ule wa mapanga, uchawi na mazimwi, hukinywa ili arudishiwe pointi za uhai, yaani hesabu inayoonyesha madhara anayoweza kuyastahimili kabla hajafa. Dhana hii ilienezwa na mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, ulioasisiwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974; katika toleo lake la tano, anayekunywa chupa ya kawaida hurusha dadu mbili za pande nne na kuongeza 2, hivyo hupata pointi 4 hadi 10.

Tafsiri ya jina lake la Kiingereza inayokuja haraka ni "dawa ya uponyaji", lakini inapotosha kidogo, kwa kuwa kuponya kwa Kiswahili ni kuondoa ugonjwa, ilhali chupa hii mara nyingi haiuondoi. Katika Final Fantasy ya mwaka 1987, aliyetiwa sumu hutafuta dawa nyingine, na aliyegeuzwa jiwe hutafuta nyingine tena. Neno "kombe" lingemvutia msomaji wa pwani, maana nalo ni tiba ya kunywewa. Ila nguvu ya kombe hutoka kwenye aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa, ambapo chupa ya mchezo hununuliwa dukani kwa sarafu kama sabuni. Kwa hiyo "dawa ya uhai" inafaa zaidi, kwani inataja hasa kile kinachorudishwa.

Ustadi wa mchezaji haumo katika kumiliki dawa bali katika kuchagua wakati wa kuinywa. Katika Diablo ya mwaka 1996, chupa nyekundu za uhai na za buluu za nguvu ya uchawi hupangwa kwenye mkanda wenye nafasi 8, kisha hunywewa kwa kubonyeza kitufe cha namba huku mapigano yakiendelea. Diablo II ikabadili mambo: dawa nyekundu hurudisha uhai polepole, hivyo anayengoja hadi abakiwe na tone la uhai hufa akiwa ameshainywa. Dark Souls ya mwaka 2011 ni kali zaidi, kwani mhusika hubaki wazi kwa adui wakati anakunywa, na chupa hujazwa upya kwa kupumzika penye moto, jambo ambalo huwafufua maadui wengi waliokwisha kuuawa. Skyrim, ya mwaka huohuo, husimamisha muda mkoba unapofunguliwa, basi mtu anaweza kunywa chupa kumi huku panga la adui likiwa hewani; huo ni uhasibu, si upiganaji.

The Witcher 3 ya mwaka 2015 ndiyo inayokaribia maana ya kawaida ya dawa, maana kila chupa huongeza kiwango cha sumu mwilini, na anayezidisha dozi huanza kupoteza uhai uleule aliokusudia kuurudisha.