Mkonge: Jinsi utafiti ulivyogeuza taka kuwa umeme

Jani la mkonge likichakatwa kwenye korona, singa zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki, yaani maji na makapi, kwa miaka mingi kilikuwa kinatupwa tu. Matokeo yake? Mito kuchafuka na gesi ya methani kupaa hewani.

Watafiti walionyesha kuwa makapi hayo yakifungiwa kwenye tangi lisilo na oksijeni, bakteria huyaozesha na kutoa gesi inayoweza kuendesha jenereta. Ndipo ukajengwa mtambo wa majaribio wa kilowati 150 huko Hale, mkoani Tanga.

Faida ni mbili: shamba linapata umeme, na masalia ya tangini yanakuwa mbolea. Ila bila mtaji, utafiti huishia kwenye majaribio.