Mguu Katika Wimbo wa Kanisa: Kutoka Kinanda cha Mivukuto hadi Kikanyagio cha Simu

Tunapowashukuru watumishi wa muziki katika ibada, huwa tunawataja waimbaji kwa sauti zao na wapiga vinanda kwa vidole vyao. Mguu hautajwi. Hata hivyo, kwa karne nyingi wimbo wa kanisa ulitegemea mguu wa mtu, na katika siku zetu jambo hilo limerudi kwa namna mpya. Vijana wa sharika zetu za Mbeya na Iringa, wanaopiga muziki kwa programu za simu na vishikwambi, wanatuuliza juu ya kikanyagio kidogo kisicho na waya ambacho huwekwa sakafuni na kuongoza simu kwa mguu. Wazee wengine nao wanauliza kama kitu hicho ni cha ibada au ni cha ukumbi wa dansi. Maswali yote mawili ni ya haki. Tunaona vema kuyajibu kwa kutazama kwanza tulikotoka.

Chombo kilichozaliwa Afrika

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kinanda cha kanisa ni kitu cha Wazungu. Kinanda cha mabomba cha kwanza kinachojulikana kilitengenezwa Aleksandria, katika nchi ya Misri, na fundi aitwaye Ktesibios, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alitumia uzito wa maji kuufanya upepo uende sawasawa katika mabomba. Warumi walikipenda chombo hicho, wakakitumia katika michezo yao ya hadhara, na hiyo ni sababu mojawapo Wakristo wa kwanza hawakukikaribisha katika ibada. Mwaka 757 mfalme wa Konstantinopoli alimtumia Pipino, mfalme wa Wafranki, kinanda kama zawadi. Baada ya muda kikaingia makanisani. Basi kitu kilichotoka kwenye michezo ya wapagani ndicho ambacho leo tunakiona kitakatifu kuliko vyote.

Vinanda vile vikubwa vilihitaji upepo mwingi, na upepo ulitoka kwenye mivukuto iliyokanyagwa na watu nyuma ya ukuta. Mpigaji alionekana na kusifiwa, mkanyagaji hakuonekana. Lakini mkanyagaji akichoka, wimbo ulikufa. Luther alifundisha kwamba kila kazi inayomhudumia jirani ni wito wa Mungu, na sijui kama uko mfano mzuri zaidi ya huo kwa washarika wetu wanaofagia, wanaopanga viti na kubeba vipaza sauti.

Wakati wa Matengenezo ya Kanisa suala la vinanda liliwagawa watu. Kule Zürich, chini ya Zwingli, vinanda vilinyamazishwa, na mwaka 1527 kinanda cha kanisa kuu la mji kikavunjwa. Kwa Walutheri haikuwa hivyo. Luther alichapisha vitabu vya nyimbo kuanzia mwaka 1524 ili watu waimbe imani yao kwa lugha yao. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linaeleza kwamba nyimbo za Kijerumani ziliongezwa katika ibada ili watu wafundishwe. Kuhusu vyombo, baba zetu walisema yako mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza, na Kanisa lina uhuru kuyatumia kwa kujenga. Kipimo kilikuwa kimoja: je, watu wanalisikia Neno na kuliimba?

Johann Sebastian Bach, Mlutheri aliyejulikana kwa ustadi wa miguu kwenye kinanda, alitumia miguu hiyo hiyo kwa jambo jingine. Mwaka 1705, akiwa na miaka 20, alitoka Arnstadt kwenda Lübeck, safari ya kilomita zaidi ya 400, na inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu ili kumsikia mpiga kinanda Buxtehude. Aliomba ruhusa ya wiki 4, akakaa karibu miezi 4, na aliporudi wazee wa kanisa walimhoji. Walimhoji pia kwa sababu alikuwa akiwachanganya washarika kwa mapambo yake mapya ya muziki. Ugomvi kati ya vijana wa muziki na baraza la wazee, kwa hiyo, haukuanzia kwetu.

Mivukuto yafika Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1891 wamisionari wa makundi mawili ya Kijerumani walifika Unyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wa Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianza Rungwe. Wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walishika upande wa mashariki. Kutoka hapo Misioni ya Berlin ilipanda Ukinga, ambako Bulongwa ilianzishwa mwaka 1895, ikaendelea Ubena na Uhehe. Majina ya Kidugala, Ilembula, Lupembe na Pomerini bado yanasikika katika sala zetu.

Kinanda kilichofaa kwa safari za namna hiyo hakikuwa kile cha mabomba. Kilikuwa harmoniamu, chombo ambacho Alexandre Debain alikipatia hataza mjini Paris katika miaka ya 1840. Ndani yake mna ndimi ndogo za shaba. Mpigaji anakanyaga vikanyagio viwili, kimoja baada ya kingine, mivukuto inavuta upepo, na ndimi zinalia. Kilitengenezwa hata cha kukunjwa kama sanduku, kibebwe kichwani au begani. Watu wa Ukinga, waliosifika kwa kufua chuma, hawakuhitaji kufundishwa kazi ya mivukuto.

Tukumbuke jambo moja la chombo hicho: mguu ndio pumzi yake. Mpigaji akisimama kukanyaga, sauti inakwisha. Akiona washarika wamechelewa kuvuta pumzi mwishoni mwa mstari, anaweza kuwangoja. Akitaka wimbo uinuke, anakanyaga kwa nguvu. Kinanda na kusanyiko vilipumua pamoja.

Kisha vita vya kwanza vya dunia viliwaondoa wamisionari Wajerumani. Waskoti wa Livingstonia walikuja kusaidia, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika. Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920, na vita vya pili vikawaondoa tena. Mara zote mbili sharika hazikufa. Watu waliimba kwa kukariri, mwalimu akianza na kusanyiko likiitika, na mahali pengi hapakuwa na chombo chochote. Tunalisema hili mapema ili tusije tukadhani, hapo mbele, kwamba Kanisa linasimama au kuanguka kwa sababu ya kifaa.

Mguu uliokatazwa

Lakini ulikuwako mguu mwingine, ambao haukukaribishwa. Babu zetu hawakujua kuimba bila kucheza. Mguu uliokanyaga ardhi, wenye njuga, ndio uliotunza mwendo wa wimbo. Wamisionari wengi waliona ngoma kuwa mlango wa upagani, na waongofu wakakatazwa kuicheza. Hatusemi walikosea katika kila jambo. Ngoma nyingine zilifungamana na ulevi na matambiko, na waongofu wenyewe walitaka kutofautishwa. Hata hivyo hasara ilikuwa kubwa: mguu wa mmisionari uliruhusiwa kukanyaga kinanda, na mguu wa msharika uliambiwa utulie.

Wako waliolihisi tatizo hilo mapema. Traugott Bachmann wa Moravian, aliyefanya kazi Mbozi kati ya Wanyiha, anakumbukwa kwa kuheshimu mila za watu wake na kuzipa nafasi sauti zao katika wimbo. Katika miaka ya 1950 Henry Weman, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Uppsala, Uswidi, alisafiri Afrika kusikiliza muziki wa watu, akalishauri Kanisa lisiendelee kuupuuza. Kule Makumira, Howard Olson alikusanya nyimbo zenye sauti za makabila yetu. Na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia hapo hapo Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya Kihaya. Leo unaimbwa na Walutheri wa Ulaya na Marekani. Wimbo huo ni vigumu kuuimba mguu ukiwa umetulia.

Umeme wamwondoa mkanyagaji

Halafu ulikuja umeme. Kinanda cha umeme hakihitaji mivukuto, na ndani yake mna ngoma zinazojipiga zenyewe. Baadaye zikaja kanda, santuri za CD, na sasa simu. Kwaya inaweza kwenda studio, ikatengenezewa muziki, na Jumapili ikasimama mbele ya madhabahu na kuimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa.

Katika hili liko jambo la kutuhangaisha. Muziki uliorekodiwa haumngoji mtu. Bibi aliyechelewa kuufungua ukurasa anaachwa. Mchungaji akitaka kurudia ubeti kwa sababu watu wanalia kwa toba, muziki umekwisha kwenda mbele. Kusanyiko linakuwa watazamaji. Lile ambalo Matengenezo ya Kanisa yaliwarudishia watu, yaani wimbo wao wenyewe, linaweza kuchukuliwa tena kimyakimya, safari hii na spika. Tatizo haliko kwenye mashine. Liko kwenye kukosekana kwa mtu anayesikiliza na kupumua pamoja na watu.

Mfalme mwenye jino la bluu

Hapa ndipo kikanyagio kisicho na waya kinapofaa kutazamwa. Vingi vya vifaa hivi huzungumza na simu kwa njia iitwayo Bluetooth, mawasiliano ya redio ya masafa mafupi ambayo wahandisi wa Ericsson huko Lund, Uswidi, walianza kuyabuni mwaka 1994. Jina lake maana yake ni jino la bluu, nalo lilikuwa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Katika jiwe la kumbukumbu lililoko Jelling, Harald alichonga habari kwamba aliiunganisha Denmark na kuwafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Wahandisi walilichagua jina lake kwa sababu ya ule uunganishaji, na alama iliyoko kwenye simu zetu ni herufi mbili za kale za jina lake. Vijana wengi hubonyeza alama hiyo kila siku pasipo kujua kwamba ni jina la mfalme aliyebatizwa.

Utendaji wake ni rahisi. Kikanyagio cha kawaida huidanganya simu ijione imeunganishwa na kibodi. Ukikanyaga upande wa kulia, simu hupokea amri ileile ya kugeuza ukurasa mbele, na ukikanyaga kushoto hurudi nyuma. Mpigaji hageuzi tena nota kwa mkono katikati ya wimbo. Vingine hutuma amri za MIDI, lugha ya vyombo vya muziki iliyotolewa mwaka 1983, ambayo tangu mwaka 2015 ina kanuni zake rasmi za kupita katika Bluetooth. Kwa hiyo mguu unaweza kuanzisha mdundo, kuusimamisha, kurudia kipande, kubadili sauti ya kinanda, au kupandisha na kushusha nguvu ya sauti polepole.

Yaani mpigaji anaweza kungoja tena. Akiona kusanyiko linataka ubeti mmoja zaidi, anakanyaga, na programu inarudia. Mchungaji akiinua mkono, anakanyaga, na muziki unanyamaza. Kazi ya mguu wa harmoniamu, yaani kuufuata moyo wa kusanyiko, inawezekana tena katika mtaa ambao hauwezi kununua kinanda kikubwa lakini una kijana mwenye simu. Mwalimu aliyepewa kishikwambi anaijua tayari nusu ya kazi.

Yako mambo machache ya busara. Sauti inayopita kwa Bluetooth kwenda kwenye spika huchelewa kidogo, na kuchelewa huko huwayumbisha waimbaji, kwa hiyo spika iunganishwe kwa waya na mguu pekee utumie redio. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni kabla ya ibada, kisha Bluetooth iwashwe tena, ili mtu asipige simu wakati wa Meza ya Bwana. Betri ijazwe Jumamosi. Na kitabu cha nyimbo cha karatasi kiwepo karibu, kwa maana umeme wa kwetu tunaujua.

Tupime kwa kipimo gani?

Tukiulizwa basi kama kikanyagio hiki ni cha ibada, tunajibu kama baba zetu: hakikuamriwa wala hakikukatazwa. Kinanda chenyewe kilitoka kwenye michezo ya Warumi, na ngoma ilikaa nje ya mlango karibu karne nzima kabla ya kuitwa ndani. Baraza la wazee lisiulize kwanza kifaa kimetoka wapi. Liulize kama washarika wanaimba zaidi au kidogo tangu kilipoletwa. Liulize kama mpigaji anawasikiliza watu au anajisikiliza mwenyewe. Liulize pia kama fedha iliyokinunua haikuwaacha yatima wa usharika bila ada.

Kwa vijana wetu tunasema: mguu wako ukiwa juu ya kikanyagio, umesimama katika mstari mmoja na mkanyagaji asiyeonekana nyuma ya ukuta, na mwinjilisti aliyetembea kwa miguu milima ya Ukinga na Uhehe akibeba Habari Njema, na bibi aliyepiga hatua uwanjani kabla hajaruhusiwa kuzipiga kanisani. Wote walitumika ili wengine waimbe. Kanyaga kwa upole, uwangoje wazee wavute pumzi, na Kristo asikike. Betri ikiisha katikati ya ubeti, usiogope. Acha kusanyiko liendelee bila wewe, kama lilivyoendelea wakati wa vita vile viwili.