Jani la Mwituni na Moyo Wenye Huzuni: Tunamjua Ibn Sina au Twalijua Jina Lake Tu?



Naanza na kisa changu cha aibu. Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu, tulikuwa darasani tukizungumzia historia ya tiba. Mimi mtoto wa madrasa nikainua mkono, nikasema kwa sauti: "Ibn Sina alikuwa bingwa wa tiba, naye alikuwa Muislamu!" Mhadhiri akatabasamu. Akaniambia, "Vizuri. Hebu tutajie dawa moja tu aliyoiandika." Nikanyamaza kimya. Wallahi, sikuwa na hata moja. Jina nalijua, kazi yake siijui. Jioni ile nikaenda maktaba kutafuta jibu, na jibu nililolipata lilikuwa jani la mwituni.

Mmea wenyewe ni wa jamii ya nanaa. Wataalamu wanauita Melissa officinalis. Asili yake ni kusini mwa Ulaya, nchi za Mediterania, Iran mpaka Asia ya Kati, na huota kando ya misitu na penye kivuli na unyevu. Shina lake lina pembe nne, maua yake ni madogo meupe, na ukilifikicha jani lake mkononi hutoa harufu kama ya ndimu. Baridi ikija majani hunyauka, lakini mzizi hubaki hai ardhini na mwaka unaofuata mmea huchipua tena. Wagiriki waliupa jina la nyuki, kwa kuwa nyuki wanaupenda mno. Wafursi waliuita badranjbuya, na Waarabu turunjan, majina yote mawili yakitokana na harufu yake.

Usidhani kwamba ni kitu cha mbali nasi kabisa. Mrihani ambao mama zetu wa pwani hutia kwenye vikuba pamoja na asumini, na kivumbasi kinachofukuza mbu, vyote ni ndugu wa mmea huu. Jamii ni moja.

Sasa tumuangalie mwenyewe Ibn Sina. Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, ambayo leo iko Uzbekistan. Alihifadhi Qur'ani akiwa na miaka kumi. Maisha yake hayakuwa ya raha: alihama mji baada ya mji, akawa waziri, akafungwa gerezani, akatoroka. Alipofika Hamadan, Iran, aliandika kitabu kidogo kuhusu dawa za moyo. Ndani yake alieleza kwamba furaha na huzuni zina uhusiano na hali ya moyo na ile roho ya uhai ambayo matabibu wa zama zile waliamini inatoka moyoni. Kisha akataja dawa za kuutia moyo nguvu, na miongoni mwake ni badranjbuya. Akasema una sifa ya ajabu ya kuufurahisha moyo, na harufu yake nzuri inasaidia.

Hebu fikiri, msomaji. Miaka elfu moja iliyopita, tabibu anakaa kuandika kuhusu huzuni! Hakusema mwenye huzuni ni mvivu, wala hakumcheka. Alimuona ni mtu anayestahili kutibiwa. Sisi leo, kijana mwenzetu akijifungia chumbani wiki nzima, twamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Nani hapa aliyeendelea, sisi au yeye?

Jambo la pili. Ibn Sina hakuanza na karatasi tupu. Mgiriki Dioscorides alikwisha kuuandika mmea huu katika karne ya kwanza, na kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, kazi aliyoifanya Istifan bin Basil na kusahihishwa na Hunayn bin Ishaq, ambaye alikuwa Mkristo. Waislamu wa zama zile hawakuona haya kujifunza kwa asiyekuwa wao. Nao wa Ulaya hawakuona haya kujifunza kwetu. Gerard wa Cremona aliitafsiri Qanun ya Ibn Sina kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, na kile kitabu cha dawa za moyo kikatafsiriwa na Arnald wa Villanova. Huko Paris, watawa wa Karmeli walikuwa wakitengeneza maji ya dawa kwa mmea huu tangu karne ya 17.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Katika Qanun, Ibn Sina aliweka masharti ya kuijaribu dawa. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja, si mchanganyiko wa magonjwa. Utazamwe muda inaochukua kufanya kazi. Ionekane inafanya hivyo kila mara, isije ikawa ni bahati tu. Tena ijaribiwe kwa mwanadamu, maana kumpa simba au farasi huenda kusithibitishe chochote kwa binadamu. Mwaka 2003, watafiti wa Tehran walichapisha jaribio la mmea huu huu kwa wagonjwa 42 wenye maradhi ya kusahau yaitwayo Alzheimer. Baada ya miezi 4, waliopewa dawa walikuwa na hali bora kuliko waliopewa dawa ya bandia. Jaribio lilikuwa dogo, kwa hivyo haliwezi kumaliza maneno. Lakini njia ni ile ile: jaribu, pima, kisha sema.

Basi ewe kijana, na wewe mzazi, tahadharini. Utakuta chupa sokoni zimeandikwa "tiba ya Kiislamu", ati zinatibu sukari, presha na kila kitu kwa mpigo. Ibn Sina angeuliza: imejaribiwa wapi, kwa nani, kwa muda gani? Hata mmea huu wa harufu nzuri unaweza kugongana na dawa za usingizi na za tezi ya shingo. Usimwachishe mgonjwa dawa za hospitali kwa sababu ya jina la Kiarabu kwenye chupa.

Ibn Sina alifariki Hamadan mwezi wa Ramadhan, mwaka 428 Hijria, yaani 1037, kwa maradhi ya tumbo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyaandikia kitabu. Waandishi wa tarehe wanasimulia kwamba mwishoni alitoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake na akawa akihitimisha Qur'ani kila siku tatu. Tabibu mkubwa naye alijua mwisho wa ujuzi wake.

Leo kaa na bibi yako. Muulize kivumbasi kilitumiwaje zamani, na uandike anayokwambia. Kisha chukua kitabu kimoja usome. Tusije tukaulizwa darasani tukanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.