Ibara ya Kujitoa: Haki ya Karatasi Iliyozaa Nchi 15

Mei 1961, mahakama mjini Lviv, Ukraine, ilimhukumu kifo mwanasheria kijana, Levko Lukianenko. Yeye na wenzake walikuwa wameunda kundi la siri lililotaka Ukraine ijitoe katika Umoja wa Kisovieti kwa amani. Hoja yake aliichota katika katiba yenyewe ya dola iliyomshtaki: ibara ya 17 iliipa kila jamhuri ya muungano haki ya kujitoa kwa hiari. Adhabu ilipunguzwa ikawa miaka 15 jela, naye akaitumikia yote.

Haki hiyo ilikuwamo tangu katiba ya 1924. Lenin alitaka mataifa yaliyokandamizwa na wafalme wa Urusi yaingie katika muungano yakijua kwamba yanaweza kutoka. Stalin hakuifuta. Novemba 1936, akiwasilisha rasimu ya katiba mpya, alieleza kwa nini Watatar na Wabashkir hawawezi kupandishwa hadhi kuwa jamhuri kamili ya muungano: wamezungukwa na maeneo ya Kisovieti pande zote, kwa hiyo hawana pa kutokea. Jamhuri yenye haki ya kujitoa, alisema, sharti iwe mpakani, taifa lake liwe ndilo lenye watu wengi humo, na wakazi wake wazidi milioni moja. Maneno hayo aliyatoa wakati ambao mtu aliyeshukiwa tu kuwa na mawazo ya kujitenga aliweza kupigwa risasi. Hata hivyo mipaka ikachorwa kana kwamba siku moja haki hiyo ingetumika.

Katiba ya 1977 iliirudia katika ibara ya 72, bila kusema hata neno moja kuhusu utaratibu wa kujitoa. Lithuania ilipotangaza uhuru tarehe 11 Machi 1990, haikuigusa ibara hiyo. Msimamo wake ulikuwa kwamba haikuwahi kujiunga kihalali, bali ilitwaliwa mwaka 1940 baada ya Moscow na Hitler kugawana Ulaya Mashariki kwa siri. Moscow ikajibu haraka kwa sheria ya kujitoa ya tarehe 3 Aprili: theluthi mbili ya wenye haki ya kupiga kura waafiki, kisha kipindi cha mpito cha hadi miaka mitano; wakishindwa, wasiulizwe tena kwa miaka kumi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sheria ya kuzuia watu wasitoke. Kisha Lithuania ikakatiwa mafuta, na tarehe 13 Januari 1991 wanajeshi wa Kisovieti waliuvamia mnara wa televisheni wa Vilnius, mji wake mkuu. Raia 14 walipoteza maisha katika shambulio hilo.

Jaribio la mapinduzi mjini Moscow liliposhindwa Agosti mwaka huo, muungano wenyewe ukakosa wa kuushikilia. Tarehe 24 Agosti bunge la Ukraine lilipitisha tamko la uhuru, na mwandishi wake mkuu alikuwa Lukianenko, yule mfungwa wa Lviv. Desemba 1, katika kura ya maoni, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliliunga mkono. Kabla mwaka haujaisha, Gorbachev, rais wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa amejiuzulu.

Dunia ikazitambua nchi 15, ndizo zile zile zilizokuwa kwenye orodha ya jamhuri za muungano. Wengine walibaki nje ya mlango. Watatar walipiga kura Machi 1992 kutaka mamlaka yao, wakaishia kwenye mkataba na Moscow mwaka 1994. Wachechen walitangaza uhuru mwishoni mwa 1991. Jamhuri waliyoishi pamoja na Waingush ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja, si mbali sana na milioni moja na nusu ya Estonia, lakini kikatiba ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urusi. Siamini kwamba uchungu wa Mchechen, ambaye taifa lake zima lilihamishwa kwa nguvu mwaka 1944, ulikuwa mdogo kuliko wa Mwestonia. Desemba 1994 majeshi ya Urusi yaliingia Chechnya, na serikali zilizokuwa zimeipongeza Estonia zikasema hilo ni suala la ndani la Urusi.