Kiharusi cha Jangwani na mafunzo ya daktari wake

Mkazi wa Jangwani, Dar es Salaam, anayepata kiharusi hayuko mbali na bingwa. Muhimbili iko Upanga, mwendo mfupi hata kwa bajaji, na ndani ya eneo hilohilo ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, inayopasua ubongo. Tuache kando siku ambazo Mto Msimbazi hufurika na Barabara ya Morogoro ikafungwa. Siku nyingine zote, saa za mgonjwa huyu hupotea nyumbani, kwa mganga, au katika chumba cha kwanza cha tiba anakoambiwa kuwa ni presha tu, ameze dawa akapumzike. Hilo la mwisho linatuhusu sisi wa taaluma, na ndilo ambalo mafunzo endelevu ya magonjwa ya mfumo wa fahamu yamelifikia kwa uchache mno.

Tatizo si dogo. Utafiti wa Richard Walker na wenzake wa Kitanzania, uliofanywa kuanzia 2003 hadi 2006 na kuchapishwa 2010, ulikuta viharusi vipya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika eneo la Dar es Salaam lililochunguzwa, dhidi ya 108.6 wilayani Hai, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Uchambuzi uliofuata, wa 2013, ulitaja shinikizo la damu na sigara, kama ilivyotarajiwa, lakini pia maambukizi ya VVU. Maana yake kwa mwalimu ni kwamba somo la kiharusi halina budi kufika kliniki ya VVU (CTC), kwa watumishi wanaopima wingi wa virusi kwa uaminifu huku mashine ya presha ikikaa kabatini.

Na huko lifundishwe nini? Si kusoma picha za MRI. Kupima sukari kwanza, kwa kuwa sukari ikishuka sana mtu anaweza kupooza upande mmoja mithili ya kiharusi. Kuuliza mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu ina dirisha la saa nne na nusu, na ndugu wakishaondoka jibu nalo limeondoka. Kutompa kidonge wala maji kabla ya kujaribu umezaji wake. Kutoishusha presha kwa pupa. Kutokimbilia aspirini kabla ya CT, kwa sababu macho hayawezi kutofautisha ubongo uliovuja damu na ule uliokosa damu. Katika kifafa, ambako utafiti wa Hai ulikuta takriban theluthi mbili ya wagonjwa hawako kwenye tiba, somo ni kuchagua dawa na kufuatilia dozi, na kutomwanzishia msichana valproeti bila kufikiria ujauzito wa kesho.

Watasema mabingwa ni wachache, hivyo heri mmoja ahutubie mia ukumbini au kwa intaneti. Uchache huo ni kweli, ila mkondo wa elimu nchini mwetu haujawahi kuwa wa kushuka tu. Daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall aliona watoto wenye kifafa wanaotikisa vichwa huko Mahenge miaka ya 1960, akiwa kwenye kliniki ya kijijini. Konzo ilieleweka Tarime baada ya ukame wa 1985, pale William Howlett na wenzake walipowafuata watu waliopooza miguu ghafla hadi kwenye mihogo michungu isiyotayarishwa vya kutosha. Waliofundisha dunia walianza na rejista ya wagonjwa. Hotuba nzuri ina faida yake, lakini msikilizaji akirudi zahanati bila mtu wa kumuuliza kuhusu mgonjwa wa jana, keshokutwa ameisahau.

Baraza la Madaktari Tanganyika tayari linadai mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni, kwa hiyo rungu lipo. Lilitumie vizuri: alama zitolewe pale daktari wa Muhimbili anapokaa na matabibu wa Kariakoo na Jangwani, wakapitia pamoja wagonjwa wa kiharusi na kifafa wa mwezi uliopita, nani alipewa rufaa, baada ya saa ngapi, na nini kilimpata. Cheti cha kuhudhuria ukumbini kipewe alama chache kuliko kikao hicho.